Kukata Mara Mbili

Simu ya Zéphirin ililia padri akiwa ameinua ostia. Haikulia kama simu za Wakristo wengine, zinazoimba kidogo halafu zikaona haya. Ililia kama gari la wagonjwa, kwa kuwa mwenyewe aliichagulia sauti hiyo asije akapitiwa na kazi. Akaizima. Ikalia tena. Watu wakageuza shingo benchi baada ya benchi, ila Kapinga, mkewe, aliyeketi mbele kabisa pamoja na akina mama wenye sare ya Bikira Maria, hakugeuka. Angegeukia nini? Aliijua sauti ile kuliko sauti ya mtoto wake.

Walipotoka Kapinga alitembea naye hadi kona ya kwanza, ameinua kitenge kisiguse tope jekundu la mtaa wao wa Bel-Air.

“Nini ilianguka?” aliuliza hatimaye.

“Hakuna. Antenne ya Kasapa ilikatika kidogo, ikarudia.”

“Ikarudia padri hajasema amina?”

“Eh.”

“Basi juu ya nini ilitupatisha haya mbele ya bantu?”

Zéphirin aliirudisha simu mfukoni. Kazi yake ilikuwa kulinda mtandao wa kampuni moja ndogo inayouza intaneti kwa maofisi na maduka, na kazi yenyewe aliifanyia nyumbani, mezani pale pale walipokula. Ndani ya kompyuta yake mlikaa programu iliyokuwa ikiziita antena zote za kampuni kwa zamu, kuanzia ile ya Kasapa karibu na chuo kikuu hadi ile ya mwisho kwenye kilima cha njia ya Pweto. Antena isipoitika, programu inapiga king’ora kwenye simu yake. Ikiitika tena, inaandika ujumbe bila mlio kumwambia imeitika. Programu ile ilikuwa na bidii kubwa na akili kidogo, na mtu wa namna hiyo kila ofisi inaye. Haikujua tofauti kati ya mnara ulioanguka na mnara uliopepesa jicho. Msimu wa mvua ulipoingia na radi zake za Katanga, simu ilianza kulia wakati wa kuoga, wakati wa kula bukari, yaani ugali, hata wakati mume na mke wamekosana na kila mmoja anatafuta pa kuanzia kupatana. Syntiche, binti yao aliyekuwa anaanza shule, aliweza kuuigiza mlio ule vizuri mno hata siku nyingine baba yake aliinuka kitini bure.

Katika fujo yote ile kulikuwa na antena moja ambayo mlio wake haukumkera mtu nyumbani. Ni ile ya kilimani.

Aliyeilinda alikuwa Papa Ntumba, baba yake Kapinga. Biashara yake ya samaki wakavu ilikuwa imemfia mikononi, na Zéphirin alimtafutia kazi ya ulinzi kwenye kampuni. Chumba cha tofali, paneli za jua, mnara, pori. Simu ya mkono haikushika pale; ilishika juu ya kichuguu kimoja kikubwa, mwendo kidogo kutoka chumbani, na ilimbidi mtu akipande na kusimama wima kama nguzo ndipo asikike. Isitoshe, Papa Ntumba alikuwa mtu wa Kasai wa zamani. Kwake mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Kumpigia mkwe simu na kumwambia chumvi imekwisha kungekuwa sawa na kuvua suruali sokoni.

Basi mzee alivumbua njia yake. Akiwa na haja, alishusha swichi kuu ya mnara na kuipandisha, mara mbili, halafu akatembea hadi kichuguuni kungoja. Mjini, king’ora cha Zéphirin kililia mara mbili. Ilikuwa bipu kama bipu nyingine, na mtu aliyebipwa anajua wajibu wake: anapiga yeye. Kwa njia hiyo Papa Ntumba hakuwahi kumwomba mkwe wake kitu. Ni mkwe aliyekuwa akipiga, kwa hiari yake, na mzee anapokea.

“Allô, papa. Habari ya huko?”

“Iko bien, mukwe. Mvua iko mingi. Nyani banakuya kuangalia antenne yenu.” Angezunguka hivyo kwa muda, akisifu wingu, akiulizia masomo ya Syntiche, hata mwisho aseme kwa sauti ya mtu anayekumbuka jambo la jirani: “Ila ule mulinzi wenu wa antenne, chumvi ilimuishia.”

“Tutamutumia, papa.”

“Eh. Atashukuru.”

Halafu mzee anashuka kichuguuni, anarudi chumbani kwake, na kabla ya kulala anakata umeme mara moja tu. Mara moja maana yake nimefika, sikuumwa na nyoka, muishi kwa amani. Bel-Air king’ora kinalia, Kapinga anasema, “Amefika,” na hapo ndipo anainuka kuondoa vyombo. Hakuwahi kuviondoa kabla.

*

Baada ya aibu ya kanisani, Kapinga alisema maneno ambayo wake wengi husema na huwa hawayamaanishi hata nusu.

“Chagua, Zéph. Ile simu ao miye. Minachoka. Hata kama minafunga macho, minaisikia.”

Pengine Zéphirin angeyapitisha kama upepo, lakini wiki hiyo hiyo Jean-Claude, mkubwa wake, alimwita ofisini mbele ya wenzake. Jean-Claude hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyesoma Johannesburg na aliyetaka watu wakumbuke. Aliinua simu yake mwenyewe juu, wote waone.

“Nami minazipokeaka zile alertes zako. Angalia. Mia, mia, mia. Client wa kweli akianguka, nitamuona wapi mu hii takataka? Technicien anayeniita kwa kila kitu ni kama haniiti. Filtre, Zéphirin, uzichuje. Tunakulipa ufikiri.”

Mtu mmoja akacheka puani. Zéphirin alirudi nyumbani na kicheko kile masikioni, akaketi mezani, akaandika sheria moja fupi ndani ya programu: antena yoyote ikikatika na kurudi ndani ya dakika tano, nyamaza. Aliandika kwa antena zote kwa pamoja, kama mtu anayefagia uwanja asiyechagua jani hili na lile.

Hakumsahau Papa Ntumba. Ningesema alimsahau ingekuwa rahisi kumlaumu na kwenda zetu. Ni kwamba kichwani mwake zile bipu za kilimani hazikuwa tahadhari za mtandao. Zilikuwa simu ya baba mkwe, na zilikaa upande mwingine wa kichwa, upande wa ukoo, pamoja na ubatizo na misiba. Alikuwa akifagia upande wa kazi, na hakujua kwamba pande mbili zile zilitumia mlango mmoja.

Kimya kikaingia nyumbani.

Siku za kwanza walikifurahia kama wageni wa Noeli. Kapinga alipika sombe, majani ya muhogo, kwa mawese. Waliongea hadi mwisho wa sentensi. Jean-Claude alimpigia kumwambia bravo, na Zéphirin alirudia neno hilo mbele ya mke wake kana kwamba amelitaja kwa bahati tu. Walilala. Ni jambo dogo kulisema, lakini walikuwa na muda mrefu hawajalala namna ile, na nyuso zao zilirudi kuwa za vijana.

Kisha kimya kikaanza kuwa na uzito wake. Kapinga akiwa jikoni aliacha kukoroga akasimama na mwiko mkononi, akisikiliza. Zéphirin aliinua simu, akaikuta haina kitu, akairudisha. Wote wawili walikuwa wakifanya hivyo, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.

“Papa hajabipa?” Kapinga aliuliza siku moja.

“Apana. Simu iko kimya.”

“Hata ya chumvi?”

“Akikosa kitu atabipa. Kama iko kimya, ni kusema iko bien.”

Neno hilo lilimtosha. Lilimtosha tena alipouliza mara ya pili, na ya tatu.

*

Alasiri moja ya mvua, Kapinga alikuwa sebuleni akimsuka Syntiche, balbu imewashwa kwa sababu mbingu ilikuwa imekuja chini sana. Zéphirin alikuwa mezani. Balbu ikazima, ikawaka. Ikazima, ikawaka. Ikatulia kwa muda wa mtu kuvuta pumzi, halafu ikarudia vile vile.

Mikono ya Kapinga ilisimama ndani ya nywele za mtoto.

“Zéph. Umeona?”

“Courant ya Bel-Air. Weye si unaijua.”

“Inafanya kama papa.”

Zéphirin akacheka. Alimweleza kwamba umeme wa kilima unatoka juani na umeme wa Bel-Air unatoka bwawani, na kwamba hakuna waya hata mmoja unaounganisha huo na huo. Alisema kweli. Kapinga hakubishana. Alifunga kitambaa kichwani, akatoka hadi ukutani, akamwita jirani.

“Maman Christiane! Courant ilikatika kwenu?”

“Apana, mama,” sauti ikajibu juu ya ukuta. “Kwetu iko tangu asubui, hata jicho haijapiga. Juu ya nini?”

“Bure, mama. Aksanti.”

Aliporudi alikuwa amelowa mabega. Zéphirin alipanda kiti, akakaza nyaya za balbu kwa bisibisi, akashuka na kusema ilikuwa imelegea. Huenda ilikuwa imelegea. Balbu haikucheza tena siku hiyo, na Kapinga alimaliza kumsuka mtoto kwa mistari iliyopinda, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

*

Ilikuwa adhuhuri ya Jumamosi, wanakula. Kapinga alisukuma sahani ya samaki mbele ya mumewe na kusema bila kumtazama:

“Papa hanyamazaka vile. Hata wakati ya homa alibipa.”

“Tangu niliweka filtre simu haijalia hata—”

Zéphirin hakumaliza. Tonge la bukari lilikuwa mkononi mwake, limeshabonyezwa, na mkono ukakaa pale pale hewani. Kapinga alimwangalia. Aliona rangi ikimtoka usoni kuanzia paji kushuka, na alielewa kabla hajaambiwa, kwa sababu alikuwa ameolewa na kazi ile kama alivyoolewa na mtu mwenyewe.

“Filtre inakata nini?” aliuliza polepole.

“Ile ya kukatika kidogo.”

“Papa anakataka kidogo.”

“Eh.”

Hakunawa. Alifungua kompyuta na vidole vyenye bukari, akatafuta kilima, akaiambia programu ionyeshe yale iliyokuwa imeyanyamazia. Mstari ulichoreka kwenye kioo ukiwa na meno, mawili mawili, umejaa kama msumeno. Yalikuwepo ya asubuhi, ya mchana, ya jioni. Mahali fulani yalikuwa yamekaribiana mno, kama mtu anayegonga mlango na kuona mwanga ndani. Zéphirin hakuyahesabu, wala Kapinga hakumwambia ayahesabu. Aliondoa ile sheria.

Simu ikalia papo hapo. Mara mbili.

Mlio ule uliokuwa umewatia aibu mbele ya ostia, siku hiyo Kapinga aliupokea kwa mikono yote miwili mdomoni, akalia kwa furaha. Kilima, kukatika. Kilima, kurudi. Kukatika. Kurudi.

“Iko,” alisema. “Iko anabipa. Piga, Zéph. Piga.”

Zéphirin akapiga. Simu ya mzee, ile ndogo ya vibonye ambayo betri yake hukaa juma zima, iliita hadi mwisho. Akapiga tena, ikaita. Hakuna aliyepokea. King’ora kikalia tena mara mbili. Alipiga tena na tena, na katikati ya kila kupiga kilima kilikuwa kikibipa, bila haraka, kama mtu mwenye subira.

“Pengine hana nguvu ya kupanda kichuguu,” alisema.

“Basi bantu bamufwate pale nyumba.”

Njia yote ile walimjua mtu mmoja tu, Katongo, kijana wa Pweto aliyepeleka samaki kwa pikipiki na aliyempelekea mzee chumvi na sabuni. Walimpata kwa simu akiwa njiani. Alisema mvua imeharibu barabara lakini ataenda. Wakakaa kumngoja. Kapinga aliweka simu katikati ya meza, kati ya samaki waliopoa, na kila ilipolia alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba mzee anasikia, “Tunakuya, papa. Tunakuya.” Uso wake uling’aa. Zéphirin naye alianza kupata pumzi. Aliahidi moyoni mambo mengi, mengine ya kipumbavu.

Jua lilikuwa limeinamia ukuta wa Maman Christiane wakati Katongo alipopiga.

“Kaka Zéphirin. Uko pekee?”

“Sema.”

“Papa nilimupata. Iko hapa pa kichuguu, iko amekaa. Simu iko mu mukono yake.” Upepo ulipita kwenye simu. “Alishakufa, kaka. Haiko ya leo. Siku kama mbili, tatu. Ninamufunika na bâche yangu ya mvua.”

Zéphirin alisikia maneno yote, moja moja. Mbele yake simu ya pili, ile ya kazi, ikalia. Mara mbili.

“Katongo,” alisema. “Nani iko pa nyumba?”

“Ku antenne? Hakuna muntu. Nilitokea kule. Mulango iko na cadenas, na ufunguo iko mu mufuko ya papa, niko naye hapa.”

“Nani anakata courant?”

“Hakuna muntu, kaka. Iko miye pekee na papa.” Kisha akaongeza jambo ambalo angeweza kuliacha, ila hakujua: “Simu yake inaonyesha appels manqués, zile hakupokea, za leo tu. Za siku za nyuma hakuna.”

Kapinga alikuwa amesimama, anamsoma mumewe usoni. King’ora kikalia tena. Alinyosha mkono, si kuizima simu, bali kuifunika kwa kiganja, taratibu, kama mtu anavyofunika macho ya maiti.

*

Mafundi waliokwenda na pikapu ya kampuni kuleta mwili walisema betri za mnara zilikuwa zimechoka na swichi ilikuwa imelegea kwa kushushwa na kupandishwa mno. Ikipata joto inajikata, ikipoa inajirudisha. Waliiandika hivyo na kutia sahihi. Hawakueleza kwa nini ilijikata mara mbili mbili.

Kilio kiliwekwa Bel-Air. Wanaume waliketi nje chini ya turubai, wanawake ndani kwenye mikeka. Zéphirin alikuwa ameziondoa sheria zote, za antena zote, na simu yake ililia mfululizo kama siku za zamani. Kila ilipolia waombolezaji waliruka. Jean-Claude, aliyekuja na suti nyeusi na bahasha ya rambirambi, aliinama sikioni mwake.

“Zéphirin, coupe ça, izime. Bantu banalia mufu.”

“Nami minalia mufu,” Zéphirin alijibu, na mkubwa wake hakurudia.

Siku ya pili ukoo wa mzee ulimwita mkwe katikati, kama desturi inavyotaka. Msemaji alikuwa Mardochée, mdogo wa marehemu, mtu mwenye fimbo na sauti ya upole inayotisha kuliko kelele.

“Mukwe, hatukuya kukuhukumu. Tuko na ulizo moja. Kaka yetu alikufia ku pori, amekaa, simu mu mukono. Muntu anashika simu juu ya kuongea na muntu. Alikuwa anangoja nani?”

Zéphirin alisimama mbele yao na kofia mkononi. Alikuwa na maelezo, na yote yalikuwa ya kweli: programu, dakika tano, mvua, maagizo ya kazini. Alifungua kinywa, akaona haya ya namna ambayo hakuwahi kuiona kanisani wala ofisini, na kinywa kikabaki wazi.

Kapinga alitoka ndani. Mfiwa wa kike haji upande wa wanaume wakati wa maneno kama hayo, na wazee wawili waliinua mikono kumrudisha. Hakurudi. Alikuwa amefungwa kitenge kifuani, miguu mitupu.

“Baba Mardochée, papa alikuwa anangoja siye. Alituita siku mingi. Alikuwa anaita na ile king’ora ya kazi ya Zéph, munaisikia. Miye njo nilisema bainyamazishe. Nilisema inanichokesha.” Alimtazama mumewe. “Zéph alifunga mulango. Lakini miye njo nilimwambia afunge.”

Mardochée aliikita fimbo yake chini. Ukoo ule ungeweza kudai mbuzi, ungeweza kudai maneno makubwa zaidi, na watu wengine walikuwa wamekuja wakitumaini.

“Mutoto anasema aliitwa, hakusikia,” alisema mwishowe. “Sina adhabu ya ile. Iko naye tayari.”

Akaketi. Zéphirin alimshika mkewe mkono mbele ya wakwe wote, jambo lisilofanywa, na hakuna aliyemkemea.

*

Kampuni ilibadilisha betri na swichi, na kumpeleka mlinzi mpya kilimani, jina lake Israël, mtu mpole aliyeacha mke na watoto mjini. Jean-Claude alitaka vichujio virudishwe. Zéphirin alirudisha vyote, akaomba amwachie antena moja. Jean-Claude alimtazama, akasema, “Moja tu,” akaendelea na shughuli zake.

Kilima kilikaa kimya. Swichi mpya haikujikata hata wakati wa radi. Israël hakuwa na habari ya bipu za swichi. Alikuwa na simu nzuri na unité za kupiga, na akikosa chumvi alisema chumvi. Usiku Kapinga alilala, mchana alifanya kazi zake, na mlio wa kuigiza Syntiche aliuacha bila kuambiwa.

Mvua zilipokuwa zinakwisha, Israël aliteremka mjini kwa ubatizo wa mwanawe. Alifunga chumba cha kilimani na kufuli, kama alivyoruhusiwa, na Jumapili alasiri alipita Bel-Air kutoa heshima. Walimpa chakula. Alipomaliza alitoa ufunguo wa kilima akauweka mezani, halafu akafungua mfuko wa rambo.

“Mama, hii ni bintu bya papa. Bilibakia chini ya kitanda.” Akatoa koti, rozari, soksi, na mwisho ile simu ndogo ya vibonye, ambayo Katongo aliiacha chumbani pamoja na vitu vya mzee. “Niliichaji. Haifai kumurudishia muntu simu ya mufu imezima.”

Kapinga alimshukuru. Aliipangusa simu kwa ncha ya kitenge, akaiweka karibu na ufunguo. Sahani zilikuwa bado mezani.

King’ora cha Zéphirin kikalia. Kikatulia, kikalia tena. Alitazama kioo, akamgeuzia Israël ili naye asome. Kilima, kukatika. Kurudi. Kukatika. Kurudi.

Israël alisoma, kisha akautazama ufunguo wake juu ya meza. “Batri,” alisema.

“Batri ni ya mupya,” alisema Zéphirin.

Nje mtoto wa jirani alikuwa anafukuza kuku. Kapinga alikuwa amekaa wima, mikono magotini, na usoni hakuwa na hofu. Alikuwa na ule uso wa mtu aliyebipwa. Alichukua simu yake, akatafuta namba ambayo hakuwahi kuifuta, akapiga.

Simu ndogo iliwaka mezani, kati ya ufunguo na sahani, ikaanza kuita. Ilitetemeka ikasogea kidogo, ikagusa ukingo wa sahani ya samaki. Hawakuigusa. Kapinga alikuwa ameweka yake sikioni, amefumba macho, na midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti, haraka, maneno mengi, kama mtu anayejua kwamba muda ni mfupi. Iliita hadi mwisho, ikanyamaza. Akashusha mkono.

Wakangoja. Ni mwendo kidogo kutoka kichuguuni hadi chumbani, na kwa mtu mzima una urefu wake.

King’ora kikalia. Mara moja.

“Amefika,” alisema Kapinga, akainuka kuondoa vyombo.